Dungu la Mzee Kisyeri Linawapa Tembo Mgongo

Haya nimeyapata kwa Rose, mke wa Mzee Kisyeri wa Ringwani, Jumapili hii tulipokuwa tunachambua maharage uani kwake. Ya usiku wa Ijumaa.

Jua linazama. Mzee Kisyeri anapanda dungu, kile kibanda cha kulindia shamba kilichosimama juu ya miti mirefu. Mkononi ana debe bovu na rungu la kuligonga. Chini yake mahindi yamekomaa, ekari mbili, ndiyo chakula cha nyumba nzima mpaka mvua nyingine. Juzi tembo waliingia kwa jirani yao Nikodemo, wakaacha mabua tu.

"Mimi nilianza kuogopa hata giza halijaingia," anasema Rose.

Dungu lenyewe halikujengwa kwa ajili ya mahindi. Lilijengwa na baba yake Kisyeri, enzi za wizi wa ng'ombe, na wezi walikuwa wanatokea bondeni. Ndiyo maana mlango unatazama bondeni, na mgongoni kuna ukuta wa magogo uliokandikwa udongo, wa kuzuia mishale. Miti imeoza ikabadilishwa, udongo umekandikwa upya, lakini mlango haujaguswa. Kwao mlango uliowekwa na baba, mwana haugeuzi hivi hivi. Mpaka wazee wa ukoo wakae, mbuzi achinjwe.

Sasa tembo wanatoka hifadhini. Na hifadhi iko nyuma ya ukuta.

Nikodemo alimwambia mbele za watu, "Mzee, hao tembo hawajui mlango wa baba yako uko wapi. Wewe endelea kulinda ng'ombe walioliwa zamani."

Kisyeri alimjibu kwamba masikio yake hayana ukuta. Lakini siku hizi Rose anamwita kula mara mbili ndipo asikie.

Basi usiku ule Rose alimpandishia mumewe uji, akakataa kushuka. Mume akasema humo ndani mwanamke hakai. Rose akasema sawa, hatakaa ndani. Akazunguka, akaketi kwenye ubao uliotokeza nyuma ya ukuta, uso hifadhini.

Wakakaa hivyo, wamepeana migongo, udongo katikati. Kila mara mmoja anauliza kama mwenzake amelala.

Kwanza Rose alisikia mvumo, akadhani ni upepo. Halafu mti ukavunjika.

"Baba Method, wamefika," akamwambia mumewe.

"Wapi?" Macho yake bado yako bondeni.

"Huku kwangu."

Mzee akazunguka na debe, akagonga mpaka rungu likapasuka. Rose akashuka kuchochea moto wa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili, moshi wa kuwasha tembo pua ukapanda. Tembo walisimama pembeni mwa shamba, masikio wazi, kimya. Walisimama hivyo hata Rose akaanza kuomba. Kisha wakageuka, wakiondoka na mstari mmoja tu wa mahindi.

Kisyeri hakurudi mlangoni. Alimwomba mkewe asogee kidogo, wakabanana kwenye ubao ule.

"Tukishavuna nitaita wazee," alisema. "Mbuzi nitamtoa. Baba alitazama alikotokea adui wake. Na mimi nataka kumtazama wangu."

Rose aliogopa kwamba tembo watarudi kabla ya kuvuna, na hilo anaogopa hata leo.

Kulipoanza kupambazuka mzee alisinzia palepale, uso hifadhini. Rose akalitoa debe mapajani mwa mumewe taratibu lisije likaanguka. Akautazama msitu peke yake mpaka jua likayafikia mahindi yaliyobaki, yote yamesimama.

"Hapo ndipo na mimi nikalala," anasema.