Pipa la maji ambalo mama alimwekea Zuhura, na mbu wa mchana wa Voi

Wakuu, nawasalimia wote, wa bara na wa pwani.

Leo nimeikumbuka ploti yetu ya zamani pale Voi, nikaona hii stori nisikae nayo peke yangu. Ni ya kweli, nilikuwepo, na wahusika wako hai. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Tulikuwa tunakaa vyumba vya mabati, safu mbili zinazotazamana. Mchana huwezi kukaa ndani, unaiva. Kwa hivyo maisha yote yalikuwa uani: kupika, kusukana nywele, umbea. Nikikumbuka vile tulivyokuwa tunacheka pale uani, moyo unauma kidogo.

Shida ilikuwa maji. Mfereji ulikuwa unafunguliwa ukijisikia. Kila mlango ulikuwa na pipa lake, na pipa la Voi halimwagwi. Maji yakija, unajazia juu ya yale ya zamani, basi.

Na tulikuwa na kipimo chetu. Maji ya mkokoteni mara nyingi yalikuwa ya chumvi. Ukiona viluwiluwi vinacheza ndani ya pipa lako, unafurahi, hayo ni matamu, kwa chumvi haviishi. Unachuja na leso, unapika chai. (Chekeni tu, nawaelewa.)

Mamangu ni mtu wa Bura, huko juu milimani alikozaliwa maji yanapita tu mtaroni. Lakini Voi ilimfundisha uchoyo wa maji kuliko sisi wote. Alikuwa na pipa moja kando ya mlango, amelifunika na kipande cha bati, na ole wako uliguse. Lilikuwa la Zuhura.

Zuhura alikuwa jirani yetu, mke wa dereva wa lori, mimba ya kwanza, kwao Mombasa. Kwao mwanamke akijifungua huogeshwa maji ya moto mpaka arobaini iishe. Mama aliapa mtoto huyo hatazaliwa kwa ploti kavu. Hawakuwa ndugu, hata dini ilikuwa tofauti. Zuhura mwenyewe hakujua lile pipa ni lake.

Basi mama akashikwa na homa. Tukasema malaria. Akapimwa, hakuna. Tukashangaa maana neti tulikuwa tunalala nayo kila siku. Mwishowe tukaambiwa ni chikungunya, na mbu wake anauma mchana.

Mchana, wakuu! Saa ambazo ploti nzima iko uani!

Homa iliisha, maumivu ya viungo yakabaki. Mama alikuwa msukaji wa vyondo, vile vikapu vya mkonge. Sasa hata kikombe kilikuwa kinamponyoka.

Dada wa afya wa mtaa akaja kutuangalia. Akainua lile bati. Viluwiluwi vilikuwa vimejaa mpaka maji yanatetemeka.

"Mama, hapa ndipo wanazaliwa. Hii maji imwagwe, na pipa isuguliwe ndani, mayai imejishika kwa ukuta."

Mama akawaka. "Imwagwe? Wewe unajua mfereji itafunguliwa lini? Hii ni maji ya kuogesha mtoto ya Zuhura!"

"Na huyo Zuhura anashinda wapi mchana?"

Zuhura alikuwa palepale kwenye mkeka, miguu imevimba, anajipepea na kanga. Dada akaeleza polepole kwamba mjamzito akiugua karibu na kujifungua, mtoto mchanga anaweza kuupata ugonjwa huo, na kwake unakuwa mbaya.

Mama akaangalia vidole vyake.

"Mghoi," akaniambia, "leta ndoo."

Najua kuna mtu atauliza kwa nini hatukuchuja. Ya juu tulichuja, tukafulia nguo za mtoto. Ya chini yalikuwa matope, tukayapeleka kwa mpapai. Zuhura alikuwa analia. "Mamangu, maji yote haya uliniwekea mimi?"

Wiki ile mapipa yote ya ploti yalisuguliwa kwa mchanga, yakafungwa vitambaa na mpira wa baiskeli.

Mtoto alikuja mfereji ukiwa bado mkavu. Kila mlango ulitoa mtungi. Hata jamaa wa chumba cha mwisho, mkono wa birika kabisa, alileta wake, tena umejaa.

Mama alitaka kumwogesha mtoto mwenyewe, vidole vikakataa. Akaketi, akampakata, wengine wakamimina maji. Kusuka hajarudia mpaka leo. Yule mtoto hakuugua.

Siku hizi nakaa nyumba yenye tangi na wavu dirishani. Mbu ni wachache, na majirani siwajui majina.

Nilichojifunza ni hiki: mbu wetu alilelewa na mfereji mkavu na chumba cha bati. Kabla hujamwambia mtu amwage maji, muulize yatarudi lini, na ameyaweka kwa ajili ya nani.

Haya, semeni hapo chini. Wewe ulishawahi kuwekewa maji na mtu ambaye si ndugu yako?