Kompresa Niliyotaka Inisemee

Mdogo wangu, nianze kwa kukuomba radhi. Niliishia darasa la saba, mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya Matombo, na herufi nyingine utaona nimezikosea. Ninaandika polepole, nawe soma polepole, tutafika pamoja. Umesema unataka kompresa, mashine ya kujazia upepo, ya gereji ya nyumbani. Mimi ninayo, lakini niliipata kwa kuzunguka, na nisingependa nawe uzunguke.

Siku niliyokwenda mjini Morogoro kuichagua haijanitoka kichwani. Nilikwenda na mjomba, kaka wa mama. Kwetu Waluguru ardhi ni ya upande wa mama, na neno la mjomba ndilo neno. Banda lililo pembeni ya nyumba yetu pale Mlali alikuwa akiwekea matenga yake ya nyanya. Aliniachia nifungue gereji ya pikipiki, ila kwenye kona alibakiza tenga moja la kunikumbusha. Wateja wasipokuja mpaka nyanya ziive, banda linarudi kwa nyanya.

Tatizo langu halikuwa mikono, lilikuwa mdomo. Mafundi wenzangu wakiona bodaboda wanapiga mluzi, wanaita, wanatania. Mimi nikiona mtu anakuja nilikuwa nainamia tairi, hata kama halina pancha.

Dukani muuzaji alituwashia mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ina mpini juu, ikanguruma taratibu huku yeye akiendelea kuisifia bila kupaza sauti. Ya pili ilikuwa na mtungi mkubwa na magurudumu. Alipoiwasha nikaona midomo yake inakwenda lakini sauti haiji, na mtu wa duka la jirani akatoka nje kuangalia. Moyo wangu ukasema, hiyo hiyo. Itaniitia watu, nami nitanyamaza.

Mjomba akaniuliza, "Unachagua ya kujaza upepo au ya kupiga kelele?"

Nikajibu kwamba kubwa ina nguvu. Akanitazama kidogo, kisha akamvuta muuzaji pembeni, wakaongea yao.

Muuzaji alisema mashine ile ni ya kubebeka. Ni kweli, ukiwa na wajomba wanne. Nilipoiwasha nyumbani taa ya sebuleni ilififia, kuku wakahamia kwa jirani, na bibi, ambaye siku hizi hasikii mpaka umpigie kelele, akatoka na kanga begani kuuliza ni lori la nani limeingia ndani. Lakini bodaboda walikuja, sikufichi. Walikuja kuangalia ni kitu gani kinakufa. Wakishafika wananiambia jambo, siwasikii, natingisha kichwa, najaza upepo, wanaondoka. Nikaona maisha yamenyooka.

Ndipo akaja Mzee Mkude, jirani yetu, na toroli lake. Alisema maneno mengi kuliko toroli linavyohitaji. Nikatingisha kichwa. Akacheka, akanipa mkono, akaondoka. Jioni mama alirudi kutoka bombani ameshika kiuno. Habari ilikuwa imeshaenea kwamba mimi nimekubali kuwa mshereheshaji wa harusi ya binti wa Mzee Mkude.

Sikula. Mjomba alipokuja nilimwambia arudishe nyanya zake, mimi nahamia Kisaki ambako hawanijui. Akanywa chai mpaka ikaisha, ndipo akasema, "Mjomba, ulinunua kelele ili ujifiche. Sasa kelele hizohizo zimekutoa mbele za watu. Nenda umwambie mzee wa watu kwamba hukumsikia. Hilo tu."

Nilikwenda nikiyarudia maneno njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani. "Shikamoo baba. Niliitikia kitu ambacho sikukisikia. Mashine ilikuwa inapiga kelele, na mimi nikaona haya kuuliza. Siwezi kuongea mbele za watu."

Mzee Mkude akaweka jembe chini. "Marahaba. Mbona umeongea vizuri?" Akamwita mkewe aje asikie. Alikataa katakata kunivua ahadi ile, ila alinipunguzia mzigo. Nitakaribisha wageni tu, kazi iliyobaki itafanywa na mtu wa mjini.

Kesho yake mjomba alinirudisha dukani na lile dude. Kumbe siku ile pembeni yeye na muuzaji walikubaliana kwamba masikio yetu yakiikataa, tutabadilishiwa. Nilirudi nyumbani nimeipakata ile ndogo.

Ina kasoro moja. Mtungi ukiisha upepo, inachukua muda kujaa tena. Mteja anasubiri, mashine inanguruma kwa adabu, na lazima mtu aseme kitu. Mwanzoni alikuwa anasema yeye. Siku hizi naanza mimi, namuuliza habari za mvua, namuuliza ndizi zimefikia bei gani huko milimani. Tairi likijaa tumeshafahamiana, na akirudi anakuja na mwenzake. Kwenye harusi niliwakaribisha wageni kwa maneno machache, na hakuna aliyekimbia.

Nyanya zikaiva. Mjomba akaingia bandani, akalitoa tenga lake kwenye kona, nami nikajua basi, yamekwisha. Akaligeuza juu chini, akaliweka karibu na mashine, akalikalia kulijaribu. "Wateja wako wanasubiri wamesimama," akasema. "Wape pa kukaa."

Basi mdogo wangu, ukifika dukani iwashwe, kisha uzungumze na muuzaji kwa sauti yako ya kawaida. Msiposikilizana, iache hapohapo. Ibebe mwenyewe mpaka barabarani kabla hujaamua. Kwa pikipiki na baiskeli mtungi mdogo unatosha. Uliza kama umeme wa nyumbani utaiweza, na kila jioni fungua koki iliyo chini ya mtungi utoe maji, maana kwa ukungu wetu huu yanajikusanya. Na kazi ya mdomo wako usiipe mashine.

Mungu akupe mikono myepesi, majirani wavumilivu na wateja wanaorudi. Ukishachagua nijibu. Na wewe mwingine uliyeisoma barua hii, niandikie una mashine gani na bibi yako anasemaje juu yake. Mwandiko mbaya hautanisumbua, nimeshauzoea wangu.