Punje Kumi za Mahindi

Katika kijiji chetu cha Ujamaa, mbele kidogo ya Soga, kuharisha kulitakiwa kusubiri mwisho wa mwezi. Ndivyo fomu ilivyotaka. Mimi, mhudumu wa zahanati, niliandika wagonjwa wa kila siku, mwisho wa mwezi nikatafuta wastani, na wastani wetu ulipendeza kuliko afya zetu.

Nyumbani nilikuwa na hesabu nyingine, ya bibi yangu wa Kisarawe. Yeye aliitumia kumkamata kuku anayekula mayai: punje kumi za mahindi, mabakuli mawili, na kila siku unahamisha punje kwa kadiri ya ulichokiona. Nilianza na punje tisa katika bakuli la kwanza, la kisima chetu kuwa salama, na moja katika la pili, la kisima kuharibika. Jumatatu aliharisha mtoto mmoja. Si ajabu, maembe mabichi yalikuwepo, nikahamisha moja. Jumanne wakaja watatu, nikahamisha mbili. Jumatano wakaja saba, na bakuli la pili likawa na punje nane. Jioni ile nikaanza kumchemshia maji binti yangu.

Alhamisi nikamwendea mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo mzee. Kisima kimebadilika. Tuwaambie watu wachemshe maji."

"Marahaba. Wastani unasemaje?"

"Mzuri, kwa sababu una siku ishirini za kabla maji hayajaharibika. Hizo tuziache, si za kisima hiki."

"Tuziache na zimeshaandikwa?" Alinihurumia kabisa. "Subiri mwezi uishe, mwanangu. Wageni wa wilaya wanakuja kukiona kisima hicho hicho. Usitutie aibu."

Nikasubiri. Mtumikie kafiri upate mradi wako, na mradi wangu ulikuwa ajira. Wageni walikuja, wakakisifu kisima, wakanywa soda.

Jumanne iliyofuata jirani yangu alimzika mwanawe. Ndiye aliyenilelea binti nikiwa kazini, na kila asubuhi nilimpelekea mtoto pamoja na chupa yake ya maji ya kuchemsha. Aliidhania kuwa maringo ya watu wa zahanati. Nilipokwenda kumpa pole alinirudishia chupa.

"Haya maji ulianza kuyachemsha lini?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

"Jumatano," nikasema.

Akakunja kidole kwa Alhamisi, cha pili kwa Ijumaa, na cha tatu kwa Jumamosi, siku mwanawe alipoanza kuharisha.