Bi. Verlene na Kachero wa Serikali Kuu

Kuna watu wanaoamini kwamba mwanamke anayezungumza na wafu amejivua haki ya kuheshimiwa na walio hai. Verlene Stroud alilijua hilo tangu ujana wake, lakini lilimchoma zaidi wiki ile makachero wa serikali kuu walipopiga kambi sebuleni kwake, wakala chakula chake, kisha wakamwambia kwa adabu zote kwamba yeye ndiye mshukiwa wa mauaji.

Mji wao mdogo wa Florida ulikuwa wa waonaji watupu. Kila baraza lilikuwa na kibao cha mtu apokeaye salamu za marehemu. Mwalimu wao wote alikuwa mzee Orrin Pickett, mpiga kinanda wa ukumbi wao wa ibada. Orrin alipotoweka, Verlene alisimama katika ibada akasema anamwona chini ya maji, penye mti ulioanguka, ndani ya msitu wa taifa. Wakaenda, wakamkuta hapo, kichwa kimepasuliwa. Kwa kuwa msitu ni wa serikali kuu, kesi ikaangukia mikononi mwa Desmond Tuttle, kachero mjane mwenye macho ya huruma na kichwa kigumu.

Desmond hakuamini mizimu. Kwake yeye, aliyejua maiti ilipo ndiye aliyeiweka. Alimpa Verlene hadi Jumatatu aeleze ukweli, la sivyo angempeleka Orlando na pingu mikononi. Kilichomuudhi Verlene ni kwamba mwanamume huyo alimpendeza. Kila asubuhi alimkaripia kwa kuwadharau wanawake wenye akili zao, na kila asubuhi akamwongezea kahawa. Naye Desmond, aliyedai kuwa na maswali mawili matatu tu, alikaa hadi adhuhuri.

Jumapili ukumbi ulifurika. Shahidi mkuu wa makachero alikuwa Royce Haldane, mgeni mjini, aliyewaapia kuwa Orrin alimfundisha mwaka mzima na kumwonya juu ya wivu wa Verlene. Katikati ya ibada Royce akainuka, akamnyooshea Desmond kidole.

"Afande, marehemu mkeo amesimama nyuma yako, analia. Anasema muuaji ni huyo mama uliyenogewa na kahawa yake."

Ukumbi mzima ukaguna. Desmond alidhani wameshtushwa na tuhuma. Verlene akamwinamia, akamweleza kwa hasira iliyotulia kwamba sivyo. Katika mji wao hakuna anayempelekea mtu salamu za wafu wake kabla ya kumwuliza, "Naweza kuja kwako?" na kungoja hadi aisikie sauti yake ikiridhia. Kuingilia msiba wa mtu bila hodi ni ufidhuli usiosameheka, na Orrin hakumfundisha mwanafunzi neno lolote kabla ya hilo.

Desmond akamgeukia Royce, akauliza kwa upole, "Bwana Royce, siku ya kwanza mzee alikufundisha nini?"

"Kufumba macho na kumwita marehemu kwa jina."

Katika safu ya mbele, bibi Hester Quigg alicheka hadi miwani ikamdondoka. "Mwanangu, Orrin angekuchapa na kitabu cha nyimbo. Darasani mwake wewe hujatia mguu."

Kicheko kikaenea, na Royce akaelekea mlangoni, ambako kachero wa pili alikuwa akimsubiri. Njia ya mwongo ni fupi: makachero walipopekua mashua yake, kasia lilikuwa bado na damu. Alikiri kabla ya jioni. Orrin alikuwa amemkatalia kumfundisha, akamtishia kumfichua kuwa anawalaghai wafiwa.

Desmond akamfuata Verlene barazani mwa ukumbi, watu wakiwa bado wamejaa. "Bi. Verlene, nimekukosea."

"Umenikosea, tena mbele za watu. Basi nitake radhi mbele za watu."

Desmond akapanda juu ya benchi, masikio yakiwa mekundu, akamtaka radhi kwa sauti, huku Hester akimwamuru arudie kwa walio nyuma. Aliposhuka alimwuliza tena alijuaje mahali pale. Verlene akamjibu alivyomjibu siku ya kwanza: alimwona. Safari hii Desmond hakubisha. Aliuliza tu kama anaweza kurudi Jumamosi bila maswali.

"Njoo na viatu vya dansi," Verlene alisema. "Wala usichelewe, sina desturi ya kumngoja mwanamume."

Alifika Ijumaa.