Nilinoa Ulimi kwa Majani ya Chai

Wanaosema kisasi si kizuri ni watu ambao chai yao haijawahi kumwagwa wageni wakisubiri. Yangu ilimwagwa. Aliyeimwaga ni dada mkubwa wa mume wangu, nyumbani kwa mama mkwe huko Rongai, nikiwa bado bibi arusi ambaye hajui hata chumvi inawekwa wapi. Aliingia jikoni, akaonja kwa kijiko, akakunja uso, akainua sufuria nzima na kwenda kuitupa nyuma ya nyumba, kuku wakatawanyika huku na huku.

"Nani alikufunza hii?" akaniuliza. "Hii ni maji ya kuoshea sufuria. Wageni wakikunywa watasema tumeoa mtu hajui jiko."

Alisema kwa sauti ya kutosha kufika sebuleni. Kisha akabandika nyingine, akapika mwenyewe, na mimi nikasimama kando nimeshika taulo la jikoni kama mtu aliyekuja kuomba maji. Mama mkwe alikuwepo. Hakusema neno.

Kwa asiyetoka kwetu, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Upande wetu chai hupikwa: maji, majani na maziwa vinachemka pamoja mpaka vinakubaliana. Mgeni ukimpa strungi, chai isiyo na maziwa, atarudi kwake akasimulie kwamba kwenu ng'ombe wamekufa au hamkutaka aje. Na katika nyumba ya mama mkwe, anayeshika sufuria ya chai siku ya wageni ni mke wa mwana. Ukishakabidhiwa sufuria hiyo umepokelewa, hakuna sherehe nyingine inayokuja. Mimi sikukabidhiwa. Kila sikukuu, kila matanga, kila ubatizo, nilipewa viazi vya kumenya. Nilizaa, watoto wakatembea, wakaanza shule, na bado mama mkwe alikuwa akisema kwa upole, "Wewe achana na chai, wifi yako atapika." Nilitaka sufuria ile kuliko nilivyotaka nyumba. Nilitaka mama mkwe anywe chai yangu na aseme imeiva.

Yule dada nilimwita Anti, kama watoto wangu walivyomwita. Kinachouma zaidi ni kwamba alijua kupika chai. Ningekuwa na la kusema kama chai yake ingekuwa mbaya.

Kisha Anti akahamia Lanet, kwenye nyumba mpya zile za mabati ya rangi, na huko akagundua chai za mikebe. Sijui nani alimwonjesha ya kwanza. Tulichoona sisi ni birika la kioo, vikombe vidogo vya kunywewa mara moja, na mikebe iliyopangwa juu ya kabati: ya vanila, ya ndimu, ya matunda, ya maua. Jumapili baada ya kanisa alialika wanawake wa familia na wa jirani kuja kuonja. Alifumba macho akinywa. Alituambia tusikilize ladha, tusimeze haraka. Mimi nilifikiwa mwisho, birika likiwa limebaki na makapi.

Siku moja nilisema ile ya vanila naona ina harufu tu, kinywani haina kitu. Nilisema taratibu, bila ubaya wowote. Anti akawageukia wenzake. "Huyu huwezi mlaumu. Amezoea majani ya kibandani, ile ya kukorogwa na mwiko." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ukiwa mke wa ndugu unacheka. Lakini nilivyokuwa nikirudi kwetu Kaptembwo niliapa moyoni kwamba nitayajua majani mpaka kusibaki jani linalonishinda, na siku moja yule mwanamke atakwama mbele yangu na hakutakuwa na wa kumkwamua ila mimi. Aliye juu mngoje chini. Niliamua kungoja huku nikifanya kazi.

Mimi hushona sare za shule nyumbani, kwa hivyo nina meza kubwa karibu na dirisha. Nikitandaza kitambaa upande mmoja, upande wa pili nilipanga vikombe vyeupe vya bati, vyote sawa, maji kiasi kile kile, ili jani lisipate mahali pa kujificha. Kuna duka mjini linalopima majani kutoka kwenye makopo makubwa. Nilikuwa nikichukua kidogo kidogo, karatasi ya hili na karatasi ya lile. Rafiki yangu aliyeolewa upande wa Kericho akija alinibebea mengine.

Nilianza na yale tuliyolelewa nayo, majani yaliyosagwa kama changarawe. Yakiwa peke yake, bila maziwa, yanabana pande za ulimi kama ndizi mbichi. Niliyanywa hivyo makusudi, nijue maziwa huwa yanafunika nini. Kisha yale marefu yaliyosokotwa, ambayo ukiyamwagia maji yanajinyoosha polepole mpaka unaona jani zima, hata meno yake ya pembeni. Hayo yana harufu ya asali iliyo mbali. Ukiyatia maziwa yanapotea kabisa. Ya kijani niliyaharibu mara ya kwanza kwa kuyachemsha kama tulivyozoea, yakawa machungu kama mwarobaini. Nilipoanza kuacha maji yapoe kidogo kwanza, yakanipa ladha ya mahindi mabichi yaliyochemshwa na maganda yake. Ya zambarau, ambayo siku hizi wakulima wetu wanayalima, yanabadilika rangi ukidondosha ndimu, na watoto wangu walidhani mama yao amekuwa mganga. Majani meupe, machipukizi yenye manyoya, yalinichosha roho. Nilidhani nimeuziwa nyasi. Niliyarudia na kuyarudia, na asubuhi moja nikiwa sijala kitu nikayasikia: kitu chepesi, kitamu, kinachokuja baada ya kumeza. Nikajimiminia kingine.

Zile za kutiwa ladha nazo nilizipitia. Vanila nilikuwa nimeisema vizuri, harufu inaingia ndani na ladha inabaki mlangoni. Ya stroberi ni dawa ya kikohozi ya watoto. Kuna moja yenye mafuta ya maganda ya machungwa ya kigeni, mwanzoni nikaona ni sabuni ya kuogea, halafu ikanikamata, mpaka leo naipenda. Ya tangawizi na iliki haikunidanganya wala haikunishangaza, ni kama jirani mwema. Nilijifunza kuvuta chai kutoka kwenye kijiko kwa kishindo, fyuuu, ili ienee mdomo mzima, jambo ambalo watoto wangu wakilifanya mezani nawagombeza. Mume wangu alinikuta hivyo akauliza kama naumwa na jino. Nikamwambia najifunza. Sikumwambia ni kwa ajili ya nani. Ni dada yake.

Watu husema ukijua kitu kwa undani hasira hupungua. Yangu haikupungua. Kila ladha mpya niliyoitambua nilimwonyesha Anti kichwani mwangu, nikamwona akinywea.

Ya mwisho ilikuwa ile ya maua mekundu yaliyokaushwa, yaliyochanganywa na vipande vya matunda. Kwenye maji inatoa rangi nzuri kama divai ya meza ya Bwana, na ukali wake unakunja shavu. Mchana mmoja nikafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya: nikaitia maziwa na kuichemsha. Maziwa yakakatika pale pale. Yakawa mabonge ya kijivu yanayoelea kwenye maji ya waridi machafu. Nilimwekea mbwa wa jirani. Alinusa, akaniangalia, akaenda zake. Ukali wa yale maua ni kama wa ndimu, na sote tunajua ndimu na maziwa. Ila rangi nzuri humsahaulisha mtu. Nilisugua sufuria, na sikumsimulia mtu yeyote.

Kisha binti wa Anti akachumbiwa. Anti aliachana na mumewe zamani na binti alilelewa na nyanya yake, kwa hivyo wakwe walikuja Rongai, kwa mama mkwe. Walikuwa wazee wazito, watu wa mashamba ya juu, na kina mama waliofunga vitambaa vyao kama watu wanaokuja kuamua kesi. Anti alitaka wanywe kitu ambacho hawatakisahau. Aliingia jikoni na mkebe mmoja chini ya kwapa. Mimi nilikuwa kwenye viazi vyangu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango akichagua mchele.

Nilimsikiliza Anti akijisemesha. Kuwapa wale wazee chai ya birika la kioo hangeweza, wangesema wamepewa strungi kwenye siku ya binti. Basi angewapikia ile ile ya mkebe, lakini ya maziwa. Alikuwa amemimina maziwa yote ya asubuhi kwenye sufuria kubwa na yalikuwa yanaanza kupanda. Akafungua mkebe. Harufu ilinifikia kabla sijainua macho: maua mekundu.

Akasita. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, alinigeukia mimi.

"Hii inaendanga na maziwa, ama?"

Kisu kilisimama kwenye kiazi. Ningesema neno moja tu. Lilikuwa tayari mdomoni.

"Anti, mimi nitajulia wapi?" nikamwambia. "Wewe ndiye mwenye majani."

Alifurahia jibu hilo, nilimwona. Akamimina mkebe mzima.

Mwanzoni ilikuja rangi ya waridi iliyopendeza sana. Kisha ikawa kijivu. Kisha mabonge. Anti akakoroga kwa nguvu, akapunguza moto, akaongeza sukari, na kila alichofanya kiliongeza mabonge. Sebuleni tulisikia maombi yakiisha na viti vikisogezwa. Binti alikuja na sinia la vikombe, akachungulia sufuriani, akaanza kulia bila sauti, maana maziwa yakiharibika siku kama ile watu hawakosi la kusema. Anti aliketi kwenye gunia la makaa na gauni lake la sherehe.

Nilifurahi. Kama kuna mtu anataka niseme niliona huruma, amekosea nyumba. Nilimwonea huruma binti tu. Anti nilimtazama vizuri, kwa raha zangu, kama nilivyotazamwa mimi na taulo langu mkononi.

Kisha nikanawa mikono. Kulikuwa na mtungi wa maziwa ya watoto, nikamtuma binti kwa jirani aongeze mengine, akatoka mbio akifuta macho. Kwenye mkoba wangu sikukosa majani siku hizo. Nilichanganya yale ya changarawe kwa ajili ya rangi na nguvu, na yale yaliyosokotwa kwa ajili ya harufu, kiasi nilichokijua kwa ulimi. Maji kwanza, majani, yakachemka sawasawa, maziwa baadaye, tangawizi kidogo. Nilionja kwa kijiko, fyuuu, mbele ya Anti, na sikuona haya.

Mzee mmoja wa wakwe alimaliza kikombe, akanyoosha mkono kuomba kingine, kisha kingine. Akauliza ni nani amepika. Chumba kikamgeukia Anti, kwa kuwa yeye ndiye mwenye siku. Nilikuwa nimesimama na birika pembeni yake, sikumsaidia.

"Ni bibi ya ndugu yangu," akasema.

Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo miaka yote ya viazi. Ilikuwa tamu kuliko majani yoyote niliyowahi kuonja. Mazungumzo yalikwenda vizuri, binti akacheka tena, na wageni wakaondoka jua likiwa bado juu.

Anti alipokuwa nje akisugua sufuria kwa mchanga, mama mkwe aliniita. Bado alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni. Aliniambia nikae.

"Kutoka leo sufuria ya chai ni yako," akasema. "Wageni wa hapa utapika wewe. Unajua kupika kutushinda sisi wote."

Nilitaka kumshukuru. Akainua kidole kidogo nisubiri.

"Lakini nilikuwa hapa hapa. Nilisikia akikuuliza. Na nilikuona uso." Alinitazama bila hasira. "Ile siku alikumwagia yako, nilinyamaza, na nilikosea. Wewe leo umenyamaza na unajua, siku ya mjukuu wangu. Chai yangu mimi usipike. Nitakuwa najipikia."

Nilidhani ni maneno ya siku moja, ya mtu aliyechoka na wageni. Sasa napika Rongai kila sikukuu. Watu wanasifu, wanauliza nachanganya nini, Anti anakunywa akiangalia ukuta na sijamsamehe. Krismasi iliyopita nilimpelekea mama mkwe mwenyewe birika dogo la chai ya majani yaliyosokotwa, nimeipika kando kwa ajili yake tu, nimelishika kwa mikono miwili. Akanishukuru kwa heshima. Akafunika kikombe chake kwa kiganja, akaendelea kuongea na jirani yake kuhusu mvua.