Magambuti ya Baba

Juzi mvua iliponyesha, niliona magambuti ya kiume nje ya mlango wa jirani yangu, mwanamke anayeishi peke yake. Nikasimama kama mtu aliyeitwa.

Ya kwetu tuliyanunua Deira, Dubai, nikiwa mtoto, mchana mmoja wa baridi, barabara zimejaa maji. Mama aliyakataa yenye kamba, akachagua meusi makubwa ya kuchomeka mguu tu, yananukia mpira mpya.

“Ya nani, madam?” aliuliza muuzaji.

“Ya mume wangu.”

Moyo ulinirukaruka. Nilikuwa nimeambiwa baba amesafiri, kumbe anarudi! Sikujua alikuwa ameshazikwa Mombasa.

Tulipofika nyumbani, International City, mama aliyaweka nje ya mlango, kwenye korido yenye wapangaji wengi wanaume, akanituma mkate. Niliporudi niliyakuta yamelowa, yana matope hadi juu. Nikaingia mbio.

“Baba! Baba!”

Chumbani hamkuwa na mtu. Mama alitoka jikoni na jagi mkononi, linachuruzika maji ya matope. Nilidhani atanigombeza kwa makelele. Akaenda akaufungua mlango wa korido, akauacha wazi.

“Mwite tena, mwanangu,” alisema. “Kwa sauti.”