Misumari ya Mgiriki

Mlango wa uani wa zahanati ile haufunguki. Aliyeupigilia misumari alikuwa na jina refu la Kigiriki ambalo makarani walikuwa wakilikatia tamaa katikati, kwa hiyo mtaa ukamwita Daktari Misumari, naye akaitika kwa fahari yote.

Alikuja angali kijana, na sanduku moja na makoti ya baridi yasiyofaa kitu huku, akaajiriwa katika hospitali ya kiwanda. Pale wakubwa waliingilia mbele, vibarua wakaingilia uani, kando ya mapipa ya taka. Siku moja mashine ilimpasua kibarua mkono. Mgiriki akampitisha mbele, damu ikichuruzika juu ya zulia la meneja. Meneja akalililia zulia. Mgiriki, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa, akamjibu, "Zulia hii fua. Mkono hii fua hapana!" Kesho yake unga wake ukamwagika.

Hakwenda kuomba radhi. Alipanga nyumba iliyokuwa ghala la ngozi, harufu haikutoka mwaka mzima, na kabla hajaingiza hata kitanda kimoja akachukua nyundo na kuufunga mlango wa uani. Mikono ile ilijua kushona watu, si kugonga mbao. Nusu ya misumari ilipinda, na mmoja haukuzama kabisa, ukabaki umetoa kichwa na kuchana mashati ya watu miaka nenda rudi. Sababu alimwambia mkewe tu, fundi cherehani wa mtaa wa pili: kwao, dada yake mdogo alifia mikononi mwa mama yao nyuma ya nyumba ya daktari, wakisubiri wageni wa mbele wamalize kahawa.

Sheria yake ilikuwa moja. Anaingia kwanza aliyezidiwa, si aliyewahi, wala si mwenye cheo. Alikuwa akitoka chumbani, anasimama mbele ya benchi, anamuuliza kila mtu hali, kisha anachagua. Mkuu wa polisi aliyekuja na jino alikaa na kofia yake mapajani mpaka mtoto wa muuza mkaa aliposhushwa homa. Walijaribu kumbembeleza, wakajaribu kumtisha. Mzee alikuwa haambiliki, hasemezeki.

Binti yake wa pekee aliurithi ukaidi huo wote, na udaktari juu yake. Alipomaliza masomo, baba akamwachia chumba na kipimo cha kusikilizia kifua, akajidai amestaafu, huku kila asubuhi yuko pale kukagua kama sakafu imepigwa deki.

Asubuhi moja alikuja kimya, akakaa kwenye benchi katikati ya watu. Binti akachungulia.

"Baba, vipi?"

"Sijambo. Kiungulia tu hiki. Endelea na watu wako."

Kwenye benchi palikuwa na mama aliyempakata mtoto, na mtoto anavuta pumzi kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Binti akamchukua mtoto. Alipotoka naye anapumua vizuri, alimkuta baba yake amelaza kichwa begani mwa mtu asiyemjua. Mtu yule alidhani mzee kasinzia, akawa amejikaza asitikisike, asije akamwamsha. Mzee alikuwa ameshakata roho.

Mazikoni mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, mfanyabiashara wa vipuri na mwenyekiti wa kamati ya mtaa iliyokuwa ikiichangia na kuisimamia zahanati, alisema mbele za watu, "Mpwa wangu, umemuua baba yako kwa foleni." Binti alimlilia baba yake, lakini hasira aliyokuwa nayo ilizidi kilio. Mzee alikuwa amezidiwa, nafasi ya kwanza ilikuwa yake kwa sheria aliyoitunga mwenyewe, na bado akaficha maumivu ili asionekane amependelewa na mwanawe. Daktari mzima, anamdanganya daktari!

Tangu hapo binti aliongeza lake. Hamuulizi mtu hali. Anapita benchi zima, anashika mkono mmoja baada ya mwingine na kusikiliza mapigo, hata ya aliyemsindikiza jirani. Neno "sijambo" pale halina kazi tena. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakazoea kukunja mikono ya mashati mapema.

Hata hivyo mjomba hakutulia. Miaka kadhaa baadaye, asubuhi moja, alikuja na seremala, nyundo mkononi.

"Kamati imekata shauri," alisema. "Mlango wa uani unafunguliwa leo. Kuna watu wa heshima wako tayari kutuletea mashine ya picha za eksirei, lakini hawawezi kubanana hapa benchini."

"Basi wakabanane na mashine yao huko huko."

"Mpwa wangu, usinichezee. Ukikataa, utatafuta pengine pa kufanyia kazi."

"Mtamwaga unga wangu kama walivyomwaga wa Baba," akasema binti, akaenda kusimama mbele ya mlango, mgongo wake ukigusa ule msumari uliotoa kichwa. "Nitapanga ghala jingine, mjomba. Na kabla ya kitanda nitanunua misumari."

Mjomba akapandwa na hasira, sauti ikampasuka. "Mlango huu ungekuwa wazi, shemeji yangu angekuwa hai! Nimekula na mtu yule sahani moja miaka yote. Sitaki mwingine afe kwenye benchi hili!" Na machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele ya wagonjwa wote.

Binti naye akalengwalengwa na machozi, lakini hakusogea. "Mlango huu ungekuwa wazi, siku ile angeupitia mkubwa mwenye mafua. Ningekuwa naye ndani. Baba angekufa, na mtoto yule angekufa. Ningewazika wote wawili. Mtoto anasoma darasa la pili sasa, mjomba. Nenda kamwangalie akicheza, halafu urudi na nyundo yako."

Binti akaushika mkono wa mjomba.

"Mimi sijambo," mjomba akanung'unika.

"Sikukuuliza."

Akasikiliza mapigo kwa makini, macho kwenye saa.

"Hasira tu. Huna kitu. Huyu bibi mwenye miguu iliyovimba ndiye wa kwanza. Wewe kaa pale mwisho, nitakupima presha."

Mjomba alitazama mlango, akatazama benchi. Akaenda kukaa.

"Sasa mimi?" seremala akauliza.

Binti akampokonya nyundo, akageuka, akaupiga ule msumari wa baba yake mpaka ukazama, akilia bila kujificha. Kisha akamrudishia nyundo, akajifuta uso kwa mkono wa koti, akamwinua bibi wakaingia chumbani.

Mlango wa mbele ukasukumwa. Akaingia mwanamume amejifunga kitambaa kichwani, akatupa macho huku na huku.

"Jamani, wa mwisho nani hapa?"

"Ni mimi," akasema mjomba, akamsogelea jirani yake ili mgeni apate pa kukaa. "Kunja shati mkononi. Akitoka atakushika."